Nguzo Iliyonyamaza

Truphena aliishi kwa kuvunja mawe, ila si kwa nyundo. Katika maabara ndogo ya Industrial Area, nyuma ya karakana ya mabati, alikuwa na mashine ya kubana: sahani mbili nene za chuma, moja chini na nyingine juu, na pampu ya mafuta iliyozisukuma zikutane. Wajenzi walimletea mawe na vipande vya zege kutoka kila pembe ya jiji. Aliweka jiwe katikati, akafunga kikinga cha waya, akawasha pampu, kisha akatazama mshale ukipanda mpaka jiwe lipasuke. Aliifanya kazi hiyo tangu atoke chuoni, na mlio wa jiwe kupasuka haukumshtua zaidi ya sufuria ikianguka jikoni kwake Buruburu.

Jiwe lililomtia hofu lililetwa na mdogo wake.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane, mvua ya El Nino ikiwa bado haijakubali kwisha. Andati aliingia maabarani na gambuti zenye tope hadi magotini, gunia begani. Alikuwa mchimbaji katika kwari iliyo ukingoni mwa Kayole, na kuna mjenzi aliyetaka kujua kama mawe yao yangebeba ghorofa. Wenzake walimtuma kwa dada yake.

"Hili nimelipasua mwenyewe," alisema, akilitua mezani. "Tuambie ukweli, hata kama ni mbaya."

Lilikuwa jiwe la kijivu lililokaa tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Kati ya matabaka ilipita mistari myembamba myekundu, majivu ya volkano ya kale yaliyogandamana. Truphena alilikata vipande viwili vya ukubwa mmoja. Katika cha kwanza mistari ililala sawa na meza. Cha pili, kwa kuwa pembe ya jiwe ilikuwa imemeguka vibaya, mistari yake ilitoka mshazari.

Kipande cha kwanza kilipobanwa kilianza kulia milio midogo, kama bisi zinazoanza kupasuka sufuriani. Milio ikaongezeka, mshale ukapanda na kupanda, kisha kikafa kwa kishindo na vigae vikagonga kikinga. Andati aliruka nyuma, akacheka.

"Hicho kimebeba vizuri sana," Truphena alimwambia. "Mjenzi wenu asiwe na wasiwasi."

Akaweka cha pili. Mshale haukufika hata nusu ya pale ulipofika mwanzo. Hakukuwa na mlio wowote. Nusu ya juu iliteleza tu juu ya nusu ya chini, ikifuata mstari mwekundu, ikatua kando kwa sauti ndogo kama kitabu kinachowekwa rafuni.

Safari hii Andati hakucheka. "Mbona hiki kimekufa hivi?"

"Mistari yake imekaa mshazari. Ukikikandamiza kutoka juu, tabaka linatafuta pa kuteleza. Hapo jiwe halipasuki, linaachana."

"Na si ni jiwe lile lile?"

"Ni lile lile."

Andati alikitazama kipande kile. Kisha akanyoosha kiganja chake hewani, akakiinamisha upande. "Dada, kule ndani tumeacha nguzo moja ibebe paa. Mistari yake imekaa hivi."

Truphena alijua kwamba jiwe zuri la juu lilikuwa limekwisha siku nyingi pale kwari. Hakujua kwamba wachimbaji walikuwa wamelifuata chini ya mwamba, wakachonga pango pana lenye mdomo mkubwa, wakiacha nguzo mbili za mawe zishike paa. Andati alimweleza akiwa bado ameinamisha kiganja. Juu ya paa hilo malori yalipakia mawe, na kifusi kisicho na mnunuzi kilirundikwa hapo hapo. Na tangu mvua ianze, akina mama wanaoponda kokoto walikuwa wamehama kutoka nje wakaingia mdomoni mwa pango, wasinyeshewe. Mmoja wao alikuwa Beldina, mke wa Andati.

"Anaketi wapi?" Truphena aliuliza.

"Ameegemea nguzo," Andati alisema. "Pale ni pakavu."

Jumamosi Truphena alikwenda Kayole. Alimwambia mumewe kwamba anakwenda kumsalimu Beldina, kwa sababu hakuweza kumweleza mtu yeyote hofu aliyokuwa nayo bila kuonekana mwenye kichaa. Alikuwa ameona kipande kidogo cha jiwe kikiteleza. Ni hilo tu alilokuwa nalo. Lakini tangu siku ile, kila alipofumba macho, kile kipande kiliteleza tena, na kila mara kilikuwa kikubwa zaidi.

Njia ya kushukia kwari ilipita nyuma ya ghorofa ambazo bado zilikuwa zikijengwa, zimezungukwa na fito za mikaratusi. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Juu ya ukingo aliliona lori moja limesimama, watu wanalipakia, na kando yake mlima wa kifusi uliolowa maji. Alitambua kwamba alikuwa akikanyaga paa. Akashuka upesi, akishika kuta kwa mkono, na udongo mwekundu ukamganda vidoleni kama unga uliokandwa.

Beldina alimwona kwanza. Alikuwa ameketi juu ya gunia, nyundo mkononi, mgongo wake kwenye nguzo. "Mulamwa, karibu. Leo umetukumbuka?"

"Nimewakumbuka," alisema Truphena. Alijaribu kutabasamu kwa wifi yake, lakini macho yalikuwa yameshapita juu ya kichwa cha Beldina. Nguzo ilikuwa nene kuliko kibanda cha duka. Ilikuwa nzuri kutazama, kijivu na imara, na katikati yake ulikatiza mstari mmoja mwekundu, kutoka usawa wa bega upande wa ndani ukishuka hadi usawa wa goti upande wa nje. Maji yalikuwa yakitoka mstarini, polepole, kama jasho. Chini yake, juu ya tope jeusi, palikuwa na chenga nyeupe za mawe, kavu, zilizoanguka karibuni.

"Beldina, inuka hapo."

"Kwani nini?"

"Inuka tu, tafadhali. Sogea nje."

Beldina aliuona uso wake akainuka bila kuuliza tena.

Kutoka ndani alikuja mtu mrefu, mwembamba, mwenye vumbi kwenye nyusi. Alikuwa Mzee Kisilu, aliyekuja kutoka Kitui akiwa kijana na kuchimba kwari karibu zote za Eastlands. Ndiye wachimbaji waliyemsikiliza. Andati alikuwa nyuma yake, na alipomwona dada yake alitazama chini.

"Huyu kijana ametuambia mambo ya mashine yako, mama," Kisilu alisema kwa upole. "Tumeyasikia. Lakini hapa jiwe huongea. Likibebeshwa mzigo mpya linalia siku moja, mbili, kisha linakaa. Likishakaa, limekaa."

"Hili linalia?"

"Tangu juzi. Sikiliza."

Wakanyamaza wote. Ndani kabisa nyundo zilikuwa zikigonga, na katikati ya mapigo hayo Truphena aliisikia: tik. Kisha tik tik. Sauti kavu, ndogo, ikitoka ndani ya nguzo. Aliijua sauti ile kama ajuavyo sauti ya mtoto wake, ila maabarani ilitoka nyuma ya waya, na yeye alikuwa na kitufe cha kuzima pampu. Hapa hakukuwa na kitufe.

"Mzee, siwezi kukuapia kwamba litaanguka," alisema. "Mimi najua jiwe la kushika mkononi. Hili kubwa silijui."

"Nami najua haya makubwa," alijibu Kisilu, "lakini sijawahi kuona ndani ya hata moja." Aliutazama ule mstari mwekundu, akaupitishia kidole, akakitazama kidole kilicholowa. "Mvua hii imeleta maji mahali ambapo hapakuwa na maji. Hilo silipendi. Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Ningetoa watu. Ningezuia lori lisirudi pale juu. Na ningeondoa kile kifusi."

Kisilu hakubishana. Alimtuma Muasya, mchimbaji mwenzake, apande kumwambia dereva aondoke, kisha akaingia ndani akapiga mluzi. Wanaume wakaanza kutoka, wengine wakinung'unika, wengine wakimwangalia Truphena kwa pembe ya jicho. Akina mama wakahamisha magunia yao kwenye manyunyu. Mmoja akasema kwa sauti, asikike, kwamba wenye ofisi hawajui baridi. Juu, lori liliwaka, likatetemesha ukingo wote, likaondoka. Tik, tik, ikasema nguzo. Tik.

Walisimama nje wakisubiri. Mvua ikazidi kidogo. Hakuna kilichotokea.

Kisha ile milio ikakoma.

Kwanza hakuna aliyetambua. Ndipo kijana mmoja akasema, "Imenyamaza," na watu wakapumua. Muasya, aliyekuwa ameshuka, alicheka akampiga Andati begani. "Msee, imekaa. Mzee alisema itakaa." Yeye na wengine waliokuwa wameacha vifaa ndani walianza kuingia tena. Kisilu alisikiliza, kichwa kimeinama, na Truphena aliona mabega yake yakilegea. Hata yeye aliamini.

Truphena peke yake hakuamini. Kile kipande cha kwanza kilikuwa kimelia mpaka mwisho, lakini cha pili hakikulia hata kidogo. Alitaka kusema hivyo na sauti haikutoka. Alipogeuka kumtafuta Andati, hakumwona.

"Ameenda wapi?" alimuuliza Beldina.

"Amefuata mtaimbo. Ameuacha kule mwisho."

Truphena alikwenda mpaka mdomoni mwa pango, akasimama. Aliita, lakini ndani watu walikuwa wamekwisha kuanza kugonga tena, na jina la mdogo wake likapotea kwenye nyundo. Nguzo ilikuwa mbele yake, upande wa kushoto. Ili kumfikia Andati ilibidi aipite karibu kiasi cha kuigusa. Alijiambia kwamba atatoka mwenyewe sasa hivi. Alijiambia kwamba yeye ni mama wa watoto. Aliona aibu ya kusita hivyo mbele ya Beldina. Pengine ni aibu iliyomsukuma, si ushujaa. Aliinamisha kichwa akaingia.

Ndani kulikuwa na harufu ya koroboi na mawe yaliyolowa. Alitembea akitazama miguu yake tu. Andati alikuwa kule mwisho, amepiga magoti, akiung'oa mtaimbo uliokwama kwenye ufa. Alipomshika begani, Andati aligeuka kwa hasira, kisha akamtambua, na hasira ikamwisha.

"Dada, wewe umeingia huku?"

"Twende. Uache huo. Twende, Andati."

Aliuacha. Truphena akawagusa na wengine migongo mmoja mmoja, akiwaambia watoke, na kwa sababu ni mwanamke aliyevaa viatu vya ofisi na uso wake ulikuwa umepoteza rangi, walitii. Waliporudi kwenye nguzo aliinua macho. Hakutaka, lakini aliinua. Ule mstari mwekundu haukuwa tena mstari. Nusu ya juu ilikuwa imetokeza nje ya nusu ya chini, upana wa kidole gumba, na makali mapya ya jiwe yalikuwa safi, meupe, makavu. Hakuna aliyesikia ilipofanya hivyo.

"Usiiguse," alimwambia Andati, ingawa Andati hakuwa na nia ya kuigusa. Walipita ubavu ubavu, wakivuta matumbo ndani kama watu wanaopita kando ya ng'ombe mkali. Wakatoka kwenye mvua. Beldina akamshika mumewe mkono.

Kisilu alikuwa mdomoni, akiwatazama wanaotoka. "Muasya yuko wapi?"

Andati akasema, "Alikuwa upande wa pili. Kule kwenye kona."

Kisilu akaingia. Truphena alisema, "Mzee, imeshasogea," na Kisilu akajibu bila kugeuka, "Nimeiona." Walimsikia akiita huko ndani, mara moja, mara ya pili. Muasya akatokea akija mbio, koti lake mkononi, akawapita. Kisilu alikuwa nyuma yake, hakukimbia vizuri kwa sababu ya umri.

Nguzo iliachana. Truphena aliiona, na miaka mingi baadaye alikuwa akijaribu kueleza kwamba haikuanguka kama watu wanavyofikiri. Nusu ya juu ilishuka mshazari, kwa utulivu, kama mtu anayetoka kwenye kiti, na paa likaifuata. Sauti ilikuja baadaye. Ilikuja kutoka ardhini, ikapanda miguuni, kisha pumzi ya vumbi ikatoka mdomoni mwa pango ikawaangusha waliokuwa karibu.

Vumbi lilipotulia, nusu ya mdomo ilikuwa imezibwa. Mlima wa kifusi cha juu ulikuwa umemwagika ndani. Nguzo ya pili bado ilisimama upande wa kulia, na sasa ilibeba yote yaliyokuwa ya nguzo mbili.

Ikaanza kulia. Tik. Tik tik.

Watu wakarudi nyuma. Mama mmoja alianza kuomba. Katikati ya hayo Andati akainua mkono watu wanyamaze, na wakasikia sauti nyingine, chini ya mawe, ya kitu kigumu kikigonga. Kilikuwa kikigonga kwa mpangilio. Kisilu alikuwa hai.

Wote wakamgeukia Truphena. Hilo ndilo lililomwogopesha kuliko nguzo yenyewe, zile nyuso zilizomtazama kana kwamba amebeba jibu mfukoni.

"Hii nyingine itashika?" Muasya aliuliza. Machozi yalikuwa yakichora njia kwenye vumbi la mashavu yake.

Truphena alijilazimisha kuisogelea. Mistari yake ilikuwa imelala karibu sawa, haikuinama kama ile. Ilikuwa ikimeguka ubavuni, magamba membamba yakijibandua na kudondoka, lakini ilikuwa ikilia, na kilio hicho sasa kilimpa faraja asiyoielewa.

"Inabanwa sana," alisema. "Sijui itashika kwa muda gani. Ikiendelea kulia, naona bado inabeba. Ikinyamaza ghafla, nitapiga kelele, na mtu akichelewa kutoka asinilaumu."

"Basi simama hapo usikilize," Andati alimwambia.

Alisimama hapo. Vijana walikimbia kwenye zile ghorofa wakarudi na fito za mikaratusi, wakazisimamisha chini ya paa, wakazigongea kabari. Fundi aliyekuwa akijenga huko aliwafuata kuwafokea, akaona kilichotokea, naye akageuka kubeba. Wakaanza kutoa mawe kwa mikono, wakipokezana, wawili wawili. Andati alikuwa mmoja wa wawili wa kwanza. Truphena aliweka kiganja juu ya jiwe na kuhisi kila mlio ukipita mifupani mwake. Mara kadhaa milio ilipungua, naye akafungua kinywa tayari kupiga kelele, kisha ikarudi. Alipotazama nje aliona Beldina amesimama mvuani, amejishika tumbo kwa mikono miwili, na hapo ndipo alipojua, bila kuambiwa, kwamba wifi yake ni mjamzito.

Walimtoa Kisilu mchana ukiwa umeshaanza kulegea. Bamba moja la jiwe lilikuwa limeegemea jingine, likamfunika bila kumponda, isipokuwa mguu wa kulia. Alikuwa kijivu kutoka utosini hadi chini, na alipofikishwa nje alifungua macho akauliza kama Muasya ametoka. Waliposema ametoka, alifumba tena. Walimlaza kwenye mlango uliong'olewa wa choo cha mabati, wakampandisha kwenye njia ya tope, Muasya akiwa kichwani na hakukubali kupokezana na mtu. Truphena ndiye wa mwisho kuondoa mkono kwenye nguzo. Ilikuwa bado ikilia alipoiacha.

Siku chache baadaye ikaporomoka yenyewe, asubuhi, hakukuwa na mtu ndani. Wakazi wa Kayole walidhani ni ngurumo. Shimo lilikula na kipande cha barabara ya malori, na serikali ya mtaa ikaweka seng'enge, na seng'enge ikaibwa.

Kisilu alikatwa mguu chini ya goti. Hospitalini alikuwa mpole na wauguzi, na hakulalamika mbele ya wageni, ila Muasya, aliyelala sakafuni kando ya kitanda chake usiku mwingi, alisema mzee hushtuka usingizini akitaka kitanda kisogezwe mbali na ukuta. Alipopata nafuu alikwenda kuishi kwa binti yake, katika nyumba ya vyumba viwili huko Dandora.

Truphena alikwenda kumwona huko Jumapili moja baada ya kanisa, pamoja na Andati na Beldina, ambaye tumbo lake sasa lilikuwa limejitokeza wazi. Binti wa Kisilu aliwapa chai na viazi vikuu. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti nje ya mlango, mahali pasipo na kitu chochote juu yake ila anga.

Waliongea juu ya mvua, ambayo hatimaye ilikuwa imekwisha, na juu ya mtoto. Kisha Kisilu akamgeukia Andati.

"Wewe unafanya nini siku hizi?"

"Nimepata kwari nyingine, mzee. Upande wa Njiru."

"Mnachimba wapi? Juu, au mmeingia chini?"

"Juu," Andati alisema. "Tuko juani kabisa."

Kisilu akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake. Lakini Truphena alikuwa akimtazama Beldina, na Beldina, tangu lile neno 'juu', alikuwa ameinamisha uso, akiviringisha ncha ya leso kidoleni, akiiachia, akiiviringisha tena.